Uso, Mwanga na Deni: Kamera za Filamu Karagwe na Kyerwa

Wilaya za Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, zimekaa katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, ambako Mto Kagera huitenganisha nchi na Rwanda upande wa magharibi na Uganda upande wa kaskazini, na ambako migongo mirefu ya milima ya nyasi hupishana na mabonde yaliyojaa migomba na mibuni. Kwa msafiri mwenye kamera ya filamu, yaani kamera inayoinasa picha kwenye ukanda wa plastiki uliopakwa chumvi za madini ya fedha, kitu cha kwanza kubadilika baada ya kuvuka daraja la Kyaka na kuanza kupanda kuelekea Omurushaka ni mwanga. Pwani, kuta zilizopakwa chokaa, mchanga mweupe na unyevu wa hewani huurudisha mwanga kutoka kila upande, hata uso wa mtu aliyesimama kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe wa Zanzibar hupata nuru laini bila mpiga picha kuhangaika. Karagwe hewa ni nyepesi, ardhi ni nyekundu, na mgomba huunywa mwanga mwingi kuliko unaourudisha, kwa hiyo uso uleule hugawanyika vipande viwili, kimoja kikiungua kwa jua na kingine kikizama gizani.

Sababu ya jambo hilo ni ya kijiografia. Karagwe iko takriban nyuzi moja na nusu kusini mwa ikweta, na jua la saa sita mchana, hasa katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, hupita karibu wima juu ya utosi, likiyatia macho kivuli, likichora mstari mweusi chini ya pua na kuifanya shingo ipotee kabisa. Vitabu vya upigaji picha vinavyouzwa Ulaya, ambavyo ndivyo vinavyosomwa na wengi wa wanaopenda fani hii Dar es Salaam na Nairobi, vimeandikwa chini ya jua linalokaa pembeni mwa anga kwa sehemu kubwa ya mwaka, na ushauri wao mwingi hauna budi kutafsiriwa upya unapofika Kayanga. Kanuni ya kale isemayo kwamba penye jua kali tundu la lenzi liwekwe kwenye f/16, na shata, yaani pazia dogo linalofunguka na kufunga ndani ya kamera, iendane na kipimo cha wepesi wa filamu, kwa mfano sehemu moja ya 125 ya sekunde kwa filamu ya ISO 100, ni kanuni sahihi kwa mlima, ng'ombe na barabara. Kwa uso wa binadamu aliyesimama juani saa sita ni kanuni ya kupata picha ya kofia ya mtu na kivuli chake.

Kamera zinazopendwa na watu wa fani hii kwa ajili ya safari za namna hii ni zile za mitambo mitupu. Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1997, huhitaji betri kwa ajili ya kipima mwanga peke yake, na ikifa betri kamera huendelea kufanya kazi. Nikon FM2 ni ya ukoo huohuo wa tabia, na Zenit za Kisovieti ni nzito kama nyundo lakini hazina cha kuharibika kirahisi. Kutoka Omurushaka kuelekea Nkwenda na Kaisho vumbi jekundu huingia kila penye upenyo, na chembe moja ikinaswa kwenye mlango wa kopo la filamu huchora mstari mmoja mrefu kwenye picha zote 36, jambo ambalo mwenye kamera huligundua wiki kadhaa baadaye. Ubora wa lenzi, unaojadiliwa sana popote wanapokutana wapenzi wa kamera, una uzito mdogo hapa kuliko kitambaa safi na mfuko wa nailoni unaofungika vizuri.

Hata hivyo lenzi ina maana yake. Lenzi ya milimita 50 huona takriban kama jicho linavyoona, na kwa hiyo inafaa kupiga mtu pamoja na nyumba yake. Lenzi za milimita 85 hadi 105 huitwa za picha za uso kwa sababu humruhusu mpigaji kusimama mbali kidogo, na umbali huo ndio unaoifanya pua isivimbe na masikio yasirudi nyuma, kama inavyotokea kwa mtu anayepigwa kwa simu iliyosogezwa karibu na uso. Umbali una maana nyingine ya kijamii, ambayo watengenezaji wa lenzi huenda hawakuifikiria: mgeni anayesimama hatua tatu kutoka kwa mzee wa Kinyambo, yaani wa kabila la wenyeji wa Karagwe, huonekana mwenye adabu, na anayesogea hadi hatua moja, akiwa amefunika uso wake kwa chuma na kioo, huonekana kama mtu aliyesahau kusalimia.

Kamera ya kwanza ambayo ingefika Karagwe haikufika. Mwaka 1860 Waingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant walianza safari kutoka Zanzibar kwenda kutafuta chanzo cha Mto Nile, na Grant, aliyekuwa amepewa kazi ya upigaji picha, alipiga picha kadhaa Zanzibar kabla ya kuvuka kwenda bara. Mbinu ya wakati ule ilimlazimu mpigaji kuandaa bamba la kioo kwa dawa na kuitoa picha yake ndani ya hema dogo lenye giza, na Speke ameandika kwamba alihofu joto la hema hilo lingemuua mwenzake, hivyo akamwomba aache kamera na achukue rangi za maji. Walipowasili kwa Mukama, yaani mfalme, Rumanyika wa Karagwe mwezi Novemba 1861, walikuja na penseli. Grant alikaa Karagwe miezi kadhaa akiuguza jeraha la mguu wakati Speke akitangulia Buganda, na michoro yake, ambayo sehemu yake kubwa iko Maktaba ya Taifa ya Uskoti, ilichorwa upya na wachoraji wa Ulaya kwa ajili ya kitabu cha Speke kilichotoka mwaka 1863, nao hawakuwa wamekanyaga Karagwe. Picha ya nchi hii iliyoenea duniani ilikuwa basi nakala ya nakala.

Katika kitabu hichohicho Speke anasimulia jinsi alivyompima kwa utepe shemeji mmoja wa Rumanyika, mmoja wa wanawake wa ikulu walionenepeshwa kwa maziwa, na katika masimulizi hayo, ambayo msomaji wa leo huyasoma kwa kuona haya kwa niaba ya mwandishi, kuna jambo ambalo halipaswi kupita bila kutazamwa: ili akubaliwe kupima, ilimbidi mgeni aahidi kumwonyesha mama huyo mikono na miguu yake mitupu. Mwanamke yule hakutazamwa bure. Alitaka naye atazame, na makubaliano hayo ya kubadilishana yamebaki kuwa desturi ya picha katika nchi hii, ingawa sarafu yake imebadilika.

Bweranyange, ulikokuwa mji wa watawala wa Karagwe, leo ni kijiji cha migomba chenye shule na kanisa, na ziwa dogo karibu na ikulu ambalo Speke alilibatiza kwa jina la ziwa la kwao Uingereza limerudi kuwa ziwa la wenyeji wake. Mgeni anayefika huko na kamera shingoni haanzi kwa kupiga picha. Hukaribishwa, huulizwa ametoka kwa nani, na katika nyumba nyingi huletewa buni zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo hutafunwa badala ya kunywewa, na ambazo kwa mtu aliyezoea kahawa chungu ya vibarazani pwani huanza na ladha ya nyasi na tangawizi hafifu kabla ya kuleta wepesi wa moyo. Baadaye huja ndizi zilizopikwa na maharage, chakula ambacho pwani kingehitaji nazi ili kiitwe chakula, na hapa hakihitaji kitu. Novemba na Desemba, majira ya senene, mazungumzo yote huhamia kwenye wadudu hao, na picha husubiri. Ipo nafasi ya kutosha, katika saa hizo, ya kuangalia mwanga wa nyumba unavyotembea.

Ndani ya nyumba ya madirisha madogo, mlango ndio taa. Mtu akikalishwa hatua moja ndani ya kizingiti, ubavu ukielekea nje, mwanga wa anga huingia kwa upande na kuupa uso umbo lake, shavu moja likiwa na nuru na jingine likiwa na kivuli chenye pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho, mtindo ambao wapigaji wa studio huuita kwa jina la mchoraji wa Kiholanzi Rembrandt na huugharimia taa mbili na mwavuli. Taa ya pili, ile ya kulainisha kivuli, hapa ni kiroba cheupe cha unga kilichopasuliwa na kushikwa na mtoto upande wa giza. Watoto hushindana kukishika. Nje ya nyumba kuna mtego ambao haumo katika vitabu: mwanga unaopita kwenye majani ya migomba au kudunda juu yake hufika usoni ukiwa wa kijani, na jicho la binadamu husahihisha rangi hiyo bila kujua, lakini filamu ya rangi haisahihishi, na mtu aliyepigwa katikati ya shamba lake lenye afya hutoka kwenye picha akiwa na rangi ya mgonjwa. Wapiga picha wa zamani walilijua jambo hili kwa uzoefu. Ndiyo sababu picha nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilizotundikwa sebuleni mwa nyumba za Kayanga na Nyakahanga zimepigwa mbele ya ukuta, barazani, au kwenye uwanja wa udongo mwekundu, ambao huutupa mwanga wa joto chini ya kidevu na kuifaidisha ngozi nyeusi kuliko taa yoyote.

Kuhusu ngozi nyeusi, historia ya filamu ina doa linalojulikana. Kwa miongo mingi maabara za picha zilirekebisha rangi zao kwa kadi za mfano za Kodak zilizokuwa na sura ya mwanamke Mzungu, na kemia ya filamu ilipangwa kumridhisha yeye. Mabadiliko yalikuja baadaye, na simulizi moja iliyothibitishwa na watu wa kampuni yenyewe ni kwamba malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani, waliotaka rangi za kahawia zitofautiane, yalichangia. Mwongozaji wa sinema wa Kifaransa Jean-Luc Godard, alipofanya kazi Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, alikataa kutumia Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak, kwa sababu hiyohiyo. Mpigaji wa Karagwe hakuwa na nafasi ya kukataa, alitumia kilichokuwa dukani, akajifunza hila zake. Kipima mwanga cha kamera hudhani kila kitu duniani ni kijivu cha wastani, kwa hiyo mbele ya kanzu nyeupe au gauni la harusi huamuru mwanga mdogo, na uso unazama. Dawa ya kasoro hiyo ni kupima kwenye kiganja cha mkono kilichowekwa kwenye mwanga uleule unaomwangukia anayepigwa, kwa sababu viganja vya watu wa rangi mbalimbali hukaribiana kwa weupe, kisha kuongeza mwanga hatua moja. Filamu ya negativu, yaani ile inayonasa picha ikiwa imegeuzwa, nuru ikiwa giza na giza likiwa nuru, husamehe mwanga uliozidi kuliko uliopungua, na aliyenunua filamu ya ISO 400 akaitumia kana kwamba ni ya 200 hajapoteza kitu ila upesi kidogo wa shata.

Mpiga picha wa enzi hizo, kama wazee wa Omurushaka na Nkwenda wanavyomweleza, alikuwa na baiskeli, kamera moja, fleshi ya betri na daftari. Daftari ndilo lililokuwa chombo kikuu. Mteja alilipa kianzio, jina lake likaandikwa na idadi ya nakala, na mpigaji akaendelea na safari za harusi, ubatizo na misiba hadi mkanda ulipokwisha, kwa sababu hakuna aliyeweza kukata mkanda wa picha 36 kwa ajili ya mtu mmoja. Kisha mkanda ulisafiri hadi mji wenye maabara ili kusafishwa, yaani kupitishwa kwenye dawa zinazoitoa picha, na majibu yalirudi kwa basi. Wiki tatu zilikuwa kawaida, na mvua za masika ziliweza kuzifanya miezi miwili. Katika muda huo wote mpigaji alikuwa na deni la nyuso za watu, na kijiji kizima kilijua. Aliyechelewa aliulizwa sokoni, aliulizwa kanisani, na aliyehama bila kurudisha picha hakuweza tena kupita njia ile. Wapenzi wa leo wa filamu, wanaosifu subira inayoletwa na mkanda na raha ya kutojua kilichonaswa, huizungumzia subira hiyo kama mali ya mpigaji. Karagwe subira ilikuwa ya anayepigwa, na ilikuwa na haki zake.

Uzito wa deni hilo ulionekana zaidi baada ya mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipogunduliwa katika Mkoa wa Kagera. Katika miaka iliyofuata, familia nyingi za mkoa huo zilibaki na watoto waliolelewa na bibi na babu, na kwa wengi wao sura ya baba au mama ilikuwa ni nakala moja tu ya karatasi, kwa kuwa negativu ilibaki kwa mpigaji, na mpigaji naye aliweza kuwa amefariki. Nakala hizo zipo hadi leo, zikiwa zimepelekwa kwenye studio za kisasa za Kayanga kupigwa upya kwa skana na kukuzwa, na mafundi vijana wa kompyuta, ambao hawajawahi kushika filamu, hujua kuziba mkunjo uliopita kwenye paji la uso wa marehemu kwa uangalifu unaostahili sifa.

Mfano wa kile kinachowezekana negativu zinapohifadhiwa uko ng'ambo ya mto. Mbarara, katika nchi ya Ankole ambayo lugha na ng'ombe wake wa pembe ndefu ni ndugu wa karibu wa vile vya Karagwe, Musa Katuramu aliwapiga picha jamaa, walimu na watu wa tabaka mbalimbali katikati ya karne ya 20, na negativu zake, zilizotunzwa na mwanawe, zimechapishwa katika mfululizo wa vitabu uitwao Ebifananyi ulioandaliwa na Andrea Stultiens, msanii wa Uholanzi. Zanzibar kuna Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, yenye hazina yake. Kwa upande wa Tanzania wa Mto Kagera hazina ya namna hiyo haijatolewa hadharani, na si vigumu kukisia kwamba makopo ya biskuti yaliyojaa negativu yapo darini mwa nyumba kadhaa, yakingoja mchwa au mtafiti, yeyote atakayetangulia.

Hali ya hewa, angalau, iko upande wa negativu hizo na upande wa yeyote anayetaka kusafisha mkanda wa rangi nyeusi na nyeupe mwenyewe. Dawa za kawaida za filamu kama Ilford HP5 au Kodak Tri-X hupimwa kwa maji ya nyuzi 20 za Selsiasi, na mtu wa Dar es Salaam, ambaye maji ya bomba lake hutoka yakiwa na joto la karibu nyuzi 28, hulazimika kununua barafu na kukimbizana na kipimajoto. Karagwe, ambako usiku huhitaji sweta, maji yaliyolala mtungini huamka yakiwa yameshakaribia kiwango hicho, na maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye bati hayana chumvi ya kuacha madoa filamu inapokauka. Ni anasa isiyotangazwa, na pengine ndiyo hoja bora kuliko zote ya kupanda huko na kopo la kusafishia.

Kyerwa, kwa anayefuata barabara kuelekea Murongo, nchi hufunguka: migongo ya milima hupungua miti, mashimo ya wachimbaji wa bati huonekana kwenye miteremko, na mbele ni bonde la Kagera na vilima vya Uganda vyenye rangi ya bluu. Ni katika eneo hili ambapo kanuni moja inayopendwa sana na wapenzi wa lenzi hukutana na hukumu. Lenzi yenye tundu kubwa, kwa mfano f/1.4 au f/2, huacha sehemu nyembamba tu ya picha ikiwa kali na kuiyeyusha nyuma yote kuwa ukungu. Lenzi ya Helios ya milimita 58 inayokuja na Zenit hupendwa kwa sababu ukungu wake huzunguka kama kimbunga. Bibi mmoja mkulima wa kahawa karibu na Nkwenda, alipoletewa picha ya namna hiyo aliyopigwa wakati wa safari iliyotangulia, aliishika kwa mikono miwili, akashukuru, akaisogeza mlangoni ili aione vizuri, kisha akauliza mibuni yake imepelekwa wapi.

Maelezo kwamba huo ni mtindo, na kwamba ukungu huufanya uso uonekane zaidi, aliyasikiliza kwa upole wa mtu anayesikiliza udhuru wa fundi cherehani. Uso wake, alisema, anaujua na jirani zake wanaujua. Kahawa ile ilikuwa imeanikwa siku ileile, mwaka ule ilizaa vizuri, na mgeni aliyesimama mbele yake kwa nusu saa akigeuzageuza lenzi alikuwa ameiona. Zaidi ya hayo picha ilimkata magotini, ilhali viatu vilikuwa vipya.

Hoja yake ina mantiki ya kifundi iliyo timilifu. Picha yenye uso, miguu, mibuni na mkeka wa kahawa yote yakiwa makali hudai tundu dogo, f/8 au f/11, na kwa filamu ya ISO 400 chini ya mawingu ya Novemba, ambayo huutandaza mwanga kwa usawa kuliko taa yoyote ya studio, kipimo hicho hupatikana bila shida kwa shata ya sehemu moja ya 125 ya sekunde. Lenzi ya milimita 50, ya bei ndogo kuliko zote, inatosha, na mpigaji hurudi nyuma hatua tano au sita. Kiti kililetwa na mjukuu, bibi akakikataa kwa kuwa ukikaa kitenge hujikunja, mkeka ukavutwa ili uingie kwenye picha, na mjukuu akaamriwa akavae shati. Jina liliandikwa tena, nakala mbili, moja ya kwenda kwa binti aliyeolewa Isingiro ng'ambo ya mpaka. Safari hii bibi alidai pia namba ya simu ya mpiga picha, akaipiga papo hapo kuhakikisha kwamba inaita.